Acheni Kumlisha Mama Yangu

Nitasema moja kwa moja, na shangazi zangu wanisamehe: acheni kumlisha mama yangu. Wekeni kijiko chini. Kama mnaona uchungu, tazameni pembeni, lakini mwacheni ahangaike na tonge lake mpaka lifike mdomoni. Likianguka, limeanguka. Tutafagia.

Mama alipatwa na kiharusi alfajiri moja, mikono ikiwa ndani ya unga wa mahamri. Ndiyo biashara yake hapa Likoni, mahamri na mbaazi. Dawa za presha alikuwa akizimeza mwanzo wa mwezi. Pesa ikiisha, na dawa zimeisha. Upande wa kulia ukalala wote: mguu, mkono, kona ya mdomo. Baada ya siku tisa akaruhusiwa kutoka hospitali ambayo sitaitaja. Tulipewa barua, tukapewa dawa, tukaambiwa, "Mfanyisheni mazoezi." Mazoezi gani? Mara ngapi? Aliyetuambia alikuwa ameshageukia kitanda cha pili.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu. Nina kaka wawili, lakini simu ilipigwa kwangu, manake mimi ndiye binti. Nikaahirisha muhula mmoja, nikaahirisha wa pili, kisha ada ikanishinda, kisha nikaacha hata kuahirisha. Siku hizi usiku naandikia watu makala mtandaoni kwa malipo, mchana niko na Mama. Sisemi haya ili nionewe huruma. Huruma ndiyo niliyokuja kuishtaki.

Nyumba yetu ilijaa huruma. Shangazi mmoja analisha, mwingine anavisha, jirani anachana nywele, binamu anashika kikombe. Mama akiinua kidole tu kuelekea chai, mikono mitano mizima imeshaifikia. "Pumzika, dada. Umefanya kazi ya kutosha." Mkono wake wa kulia uliwekwa juu ya mto ukafunikwa leso, kama mgeni aliyelala. Nami nilikuwa mmoja wao. Nilimlisha uji kwa wiki sita na nikajiona mtoto mwema.

Walikuwa na sababu, sikatai. Mama hali kwa mkono wa kushoto. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na ugonjwa haukumbadilisha. Shangazi akaniuliza, "Sasa unataka tumfanyeje, ale kwa kushoto mbele za watu?" Lakini hebu sikilizeni lugha yenu wenyewe. Mkono huo tumeuita kwa kazi yake: mkono wa kulia. Ukimlisha mwenye mkono huo kila siku, unaubakishia nini?

Kitu ambacho hakuna aliyetueleza ni kwamba kiharusi hakipigi mkono. Kinapiga ubongo. Nyama ya mkono wa Mama haikuwa na kidonda wala mfupa haukuvunjika. Kilichokufa kwa kukosa damu ni sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiuamuru. Sehemu zilizobaki zinaweza kujifunza kiasi fulani cha kazi hiyo, lakini zinajifunza kwa kuombwa, tena na tena. Zisipoombwa, ubongo unazoea kwamba mkono ule haupo. Mtafiti wa Marekani, Edward Taub, aliliona hili kwanza kwa nyani: waliokatwa neva za hisia za mkono mmoja waliacha kuutumia kabisa, na mkono mzima ulipofungwa wakaanza tena kuutumia ule mwingine. Kumbe uwezo ulikuwepo. Walikuwa wamejifunza kutoutumia.

Wazo hilo likaletwa kwa binadamu. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani lililoitwa EXCITE, lenye wagonjwa 222 waliopata kiharusi miezi mitatu hadi tisa nyuma, ambao kiganja na vidole vilikuwa bado na dalili ya kusogea. Wale waliozuiwa mkono mzima kwa wiki mbili na kufanyishwa kazi ule dhaifu, chini ya wataalamu, walipata nafuu kubwa kuliko waliobaki na huduma za kawaida. Sisemi mkamfunge mtu mkono nyumbani, ataanguka. Nasema angalieni sisi tunafanya nini. Wao walizuia mkono mzima wa mgonjwa ili ule mbovu upate kazi. Sisi tunamwongezea mgonjwa mikono mizima kumi, yetu, halafu tunashangaa wake haurudi.

Kuna hesabu nyingine inayoniuma. Mwaka 2009 watafiti walichapisha walichokiona katika vyumba vya mazoezi vya Marekani na Kanada. Katika kikao kimoja, mgonjwa alifanya kitendo chenye maana kwa mkono wake dhaifu wastani wa mara 32. Basi. Wanyama wa maabara ambao ubongo wao ulionekana kubadilika walikuwa wakirudia mamia ya mara kwa siku. Huko ni Marekani na Kanada, kwenye mashine na wataalamu. Sisi tuliopata kikao kimoja kwa wiki, tukikosa pesa kimoja kwa mwezi, tutafika mamia lini?

Tutafika jikoni. Ndilo jibu langu, na sikulipata chuoni.

Kikao kilikuwa kisiwani. Feri ni bure kwa mwenda kwa miguu, lakini nani amewahi kumshusha mtu wa mguu mzito kwenye ule mteremko saa moja asubuhi, umati unasukuma nyuma? Tukawa tunachukua tuktuk pande zote mbili, na nauli ikazidi pesa ya kikao. Tulihudhuria mara saba. Ila mara ya pili tulimkuta daktari wa mazoezi mmoja, mama wa makamo, akatufundisha kwa nusu saa mambo ambayo hatukuambiwa kwa siku tisa wodini. Usimvute mkono dhaifu unapomwinua. Bega limelegea, utaliumiza, na bega linalouma halitaki mazoezi. Kuvaa, tangulize mkono mgonjwa. Kuvua, tangulize mzima. Hata kama vidole havishiki, mkono uwe msaidizi: ushikilie mkate ukikatwa, uzuie karatasi isiteleze, uwe mezani na sio mapajani. Na mwisho akamuuliza Mama, hakuniuliza mimi: "Mama, nyumbani ulikuwa ukifanya kazi gani?"

Tukaanza hapo. Kwanza kitambaa mezani: kiganja juu yake, kusukuma mbele, kurudisha nyuma, kama mtu anayefuta meza. Baada ya mwezi vidole vikaanza kufunga, lakini kufungua havijui. Nikamletea maharagwe, yale makubwa, ayahamishe kutoka bakuli hadi bakuli. Kisha mbaazi. Kisha, siku moja yeye mwenyewe akasema, "Lete uteo." Akaweka mchele. Akaanza kuchambua, chuya moja, jiwe moja, kidole gumba na cha shahada vikitetemeka kama vya mwizi. Nilikaa pembeni nikihesabu kimyakimya. Nilifika 140 na adhana ya magharibi ilikuwa bado. Aliyechoka ni mimi mhesabuji. Hakuna mtu aliyemwambia afanye mazoezi. Alikuwa anataka wali usio na mawe.

Hapo ndipo Shangazi alipoingia akapiga kelele. "Jameni! Mgonjwa anachambulishwa mchele? Wewe binti una roho gani?" Akamnyang'anya uteo, akamaliza kwa dakika nne.

Hizo dakika nne ndizo ugomvi wangu wote. Sisi tuna haraka. Mama anachukua dakika ishirini kufunga vifungo vitatu, na sisi hatuna dakika ishirini, kwa hivyo tunamfungia na tunaita upendo. Mara nyingi sio upendo. Ni kuchoka kusubiri. Ni aibu ya wageni kuona wali umemwagika kwenye buibui. Ukweli huo ulinichoma mimi kwanza: nilimlisha kwa wiki sita kwa sababu kumlisha kulikuwa rahisi kuliko kumtazama.

Mtaniambia sio kila mkono unarudi. Kweli. Ipo mikono ambayo kiharusi kimeiharibu kiasi kwamba hata mchele wa gunia hautairudisha, na mwenye mkono huo hana kosa. Asilaumiwe ati hakujitahidi. Lakini hata yeye anaweza kujifunza kujivisha na kujiosha kwa mkono mmoja, akipewa nafasi. Mtaniambia pia kuna wanaopaliwa. Kweli tena, anayekohoa akimeza asiachiwe chakula peke yake kabla ya kupimwa. Sizungumzii huyo. Namzungumzia anayeweza kidogo na tunamfanya asiweze kabisa.

Na serikali isinifurahie mapema, ikadhani nimesema familia itamaliza kazi. Kuna utafiti mkubwa wa India uliochapishwa 2017, wagonjwa 1,250 katika hospitali 14, ambapo ndugu walifundishwa wawafanyishe wagonjwa mazoezi nyumbani. Matokeo hayakuwa bora kuliko ya waliopata huduma za kawaida. Nimeusoma, na naukubali. Mimi nausoma hivi: huwezi kumfundisha binti siku chache, ukamtupia mgonjwa na ukajiita umemaliza. Familia inaweza kuacha kuharibu. Kuongeza mazoezi mkono unapopata nguvu, kujua bega linauma kwa nini, kujua lini pa kusukuma na lini pa kuacha, hiyo ni taaluma. Bila yule mama wa makamo, ningekuwa navuta bega mpaka leo.

Kwa hivyo nadai mambo mawili, na sidhani ni makubwa. La kwanza: mgonjwa wa kiharusi asitoke wodini kabla mtu wa nyumbani kwake hajafundishwa nusu saa, kwa mikono yake mwenyewe, namna ya kumwinua, kumvisha na kuuweka mkono kazini. Nusu saa, sio barua. La pili: mtu amfuate nyumbani. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii takriban 100,000, wakapewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Wanapita mitaani kwetu. Wakishapima presha, wamuulize na mkono. Wamuunganishe na mtaalamu atakayevuka kuja huku, badala ya Mama kuvuka kwenda kule. Tumetoka NHIF tukaingia SHA Oktoba 2024, na tumebishana sana juu ya makato. Tubishane pia juu ya kinachotokea mtu akishafika nyumbani na mkono umelala.

Na kaka zangu, kwa kuwa najua mnasoma: kumsubiri Mama afunge vifungo hakuhitaji kuwa binti. Njooni na nyinyi mkae hizo dakika ishirini.

Leo ni miezi kumi na minne. Mama anakula kwa mkono wake wa kulia, wa kushoto ukiushikilia kifundo. Anajivisha, isipokuwa vifungo vya mgongoni. Unga hajaweza kuukanda; naukanda mimi, yeye anakata mahamri na kunitukana kwamba ni magumu. Vidole vya mwisho viwili bado vizito, huenda vikabaki hivyo.

Shangazi, najua umekasirika. Njoo Ijumaa, kuna pilau. Mchele amechambua mwenyewe. Ukiuma jiwe, meza tu, usiseme kitu.