Ruzuku za Filamu Huru: Garsen Iiname Hadi Wapi?

Ni jambo lisilopingika kwamba filamu imekuwa miongoni mwa njia kuu za usimulizi katika zama hizi. Hata hivyo, tofauti na ngano, ambayo haihitaji ila fanani na hadhira yake, filamu hudai fedha kabla ya kudai kipaji. Kamera, vinasa sauti, usafiri, chakula cha waigizaji na miezi ya uhariri ni gharama zisizokwepeka. Kwa sababu hiyo, swali la nani anapata ruzuku ya filamu huwa pia swali la hadithi ya nani itasimuliwa na kwa kinywa cha nani.

Chukua mfano wa Garsen, mji ulioko katika bonde la chini la Mto Tana, karibu na pale barabara itokayo Malindi inapogawanyika, moja ikielekea Garissa na nyingine Witu na Lamu. Eneo hili halikupungukiwa na hadithi. Lahani ya wimbo wa taifa wa Kenya, ulioanza kutumika mwaka 1963, ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Masimulizi ya Fumo Liyongo, yaliyotungiwa utenzi na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, yanafungamana na vijiji vya delta hii, na kaburi la shujaa huyo husemekana liko Kipini. Aidha, mafuriko ya mwaka 2018 na yale ya mwisho wa 2023 yalizihamisha kaya nyingi kutoka kingo za mto.

Pamoja na hayo, mara nyingi taswira ya Garsen iliyofika mbali ni ile ya maafa. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, mapigano baina ya Wapokomo, ambao wengi wao ni wakulima, na Waorma, ambao wengi wao ni wafugaji, yaliua watu zaidi ya mia moja katika delta ya Tana. Kamera za wageni zilikuja, zikapiga picha za nyumba zilizoteketea na makaburi mapya, kisha zikaondoka. Ugomvi wa maji na malisho una historia ndefu, una lugha zake, una wazee waliojua kuusuluhisha. Hayo hayasimuliki katika taarifa ya dakika mbili. Yanahitaji filamu ndefu, na yanahitaji mtu anayeelewa mkulima anasema nini kwa Kipokomo na mfugaji anajibu nini kwa Kiorma. Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo.

Je, kijana wa Garsen mwenye hadithi kama hiyo aanzie wapi? Milango ipo. Nchini Kenya kuna Tume ya Filamu ya Kenya, iliyoundwa mwaka 2005. Kuna pia DOCUBOX, mfuko wa filamu za hali halisi za Afrika Mashariki ulioasisiwa Nairobi na mwongozaji Judy Kibinge. Ng'ambo kuna Hubert Bals Fund ya tamasha la Rotterdam, iliyoanza mwaka 1988. Kuna IDFA Bertha Fund ya Amsterdam kwa filamu za hali halisi. Kuna World Cinema Fund ya tamasha la Berlin, iliyoanza mwaka 2004. Na kuna ruzuku za Doha Film Institute nchini Qatar. Mifuko hiyo hugawa msaada wake kwa hatua: baadhi hutoa fedha za kuandaa mswada na kufanya utafiti, baadhi za kupiga picha, na baadhi za kukamilisha uhariri.

Matunda ya njia hiyo yanaonekana. Filamu ya The Letter (2019) ya Maia Lekow na Christopher King ilipigwa katika pwani ya Kenya, na inasimulia habari za ajuza anayetuhumiwa uchawi huku nyuma ya tuhuma kukiwa na tamaa ya ardhi. Ilichukua miaka kadhaa kukamilika, na Kenya ikaiteua kuwania tuzo za Oscar za mwaka 2021. Zanzibar nako, riwaya ya Adam Shafi, Vuta n'kuvute, iligeuzwa filamu na Amil Shivji na kuonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, baada ya Watanzania kushirikiana na watayarishaji wa nchi nyingine, zikiwamo Afrika Kusini na Ujerumani. Filamu zote mbili zinathibitisha kwamba hadithi ya pwani haihitaji kuhama pwani ndipo isikilizwe.

Hata hivyo, mlango kuwa wazi si sawa na kufikika. Mwombaji hutakiwa kuwasilisha muhtasari wa hadithi, maelezo ya namna atakavyoisimulia, kauli yake kama mwongozaji, makadirio ya bajeti, na aghalabu sampuli ya picha alizokwisha kupiga au kazi yake ya awali. Baadhi ya mifuko hutaka mshirika: World Cinema Fund, kwa mfano, hutaka mtayarishaji wa Ujerumani awemo katika mradi wa filamu. Kijana wa Garsen atampata wapi mtayarishaji huyo? Kwa kawaida hupatikana katika matamasha na warsha, na nauli ya kufika huko ni gharama nyingine. Hivyo basi, ruzuku iliyokusudiwa kumsaidia asiyenacho humfikia kwanza aliyekwisha kuwa na kidogo.

Kizuizi kikubwa zaidi ni lugha. Mifuko mingi ya ng'ambo hupokea maombi kwa Kiingereza, na michache kwa Kifaransa. Msimulizi aliyeiwaza hadithi yake kwa Kipokomo na kuipanga kwa Kiswahili hulazimika kuieleza kwa lugha ya tatu, tena lugha ya kitaalamu ya wafadhili. Methali hunena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni kweli, lakini methali haisemi ainame hadi avunjike mgongo. Kujifunza kuandika bajeti ni kuinama kunakofaa. Kuandika muhtasari unaoeleweka na jopo la majaji waliokaa Rotterdam ni kuinama kunakofaa. Lakini kuibadili hadithi ya mto ili ifanane na maneno yanayopendwa mwaka huo katika matangazo ya wafadhili, kumwongeza mgeni mwokozi, au kuyakuza mapigano na kuuficha usuluhishi, huko si kuinama tena. Huko ni kuuza kisima ili kununua ndoo.

Wapo watakaopinga kwamba kaunti yenye ukame, mafuriko na uhaba wa hospitali haina haki ya kuitumia hata shilingi moja kwa filamu. Hoja hii ina uzito wala haifai kubezwa. Lakini mapigano ya 2012 yalionyesha kwamba kutoelewana nako kuna gharama, na gharama hiyo hulipwa kwa maisha ya watu. Filamu haitazuia vita peke yake. Inaweza, hata hivyo, kumfanya mkulima akae saa nzima akimsikiliza mfugaji, jambo ambalo mkutano wa hadhara haulipati kwa urahisi. Isitoshe, Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka sinema na shughuli za utamaduni miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kwa hiyo kuiomba kaunti ifadhili filamu ni kuikumbusha jukumu ambalo tayari ni lake.

Yafaa basi hatua tatu zichukuliwe. Kwanza, serikali ya Kaunti ya Tana River itenge fungu dogo la kuandalia miradi: fedha za utafiti, za nauli na za kupigia picha chache za mwanzo. Fungu hilo halitatosha kutengeneza filamu nzima, lakini litampa kijana sampuli ambayo bila hiyo milango mingine haifunguki. Pili, taasisi za Kenya zinazotoa ruzuku kwa fedha za umma zitangaze wazi kwamba maombi yaliyoandikwa kwa Kiswahili yatapokewa na kusomwa kwa uzito ule ule. Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba. Mwananchi hapaswi kukodi Kiingereza ili aombe fedha za nchi yake. Tatu, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vyuoni vitoke katika makongamano na kuitumia taaluma yao. Mwanafunzi aliyefunzwa tafsiri anaweza kutafsiri ombi la mfuko wa ng'ambo, na anaweza kuandaa maandishi ya tafsiri yanayoonekana chini ya picha, kazi ambayo kila filamu ya Kipokomo au Kiorma itaihitaji.

Kwa upande wao, watengenezaji filamu wa Garsen nao wana wajibu. Waanze na filamu fupi, hata kwa simu ya mkononi, kwani haba na haba hujaza kibaba. Ndani ya bajeti zao waweke malipo ya wakalimani na ya wazee wanaotoa masimulizi, ili jamii isichotwe tena kama ilivyochotwa na kamera za wageni. Na fedha zikipatikana, onyesho la kwanza lifanyike Garsen, mbele ya wakulima na wafugaji walioketi pamoja, kabla ya kupelekwa Berlin au Toronto. Kwani mchimba kisima hakatazwi maji.