Taa ya Tairi Haisemi Uongo Kirahisi Hivyo

Ni alama ndogo ya njano kwenye dashibodi, umbo la tairi lililokatwa lenye alama ya mshangao katikati. Ikiwaka, dereva hushuka, huyatazama matairi yake manne, huyaona yamesimama sawa, hurudi kwenye usukani na kuondoka. Akiuliza kijiweni ataambiwa taa hiyo ni ya uongo na kila gari inayo. Maneno haya yanasemwa na watu wanaoyajua magari vizuri, wala si watu wa kupuuzwa. Ndiyo maana nataka kuyajibu moja baada ya jingine, maana tairi lenye upepo pungufu, gari likiwa kasi ya kilomita 100 kwa saa juu ya lami ya saa nane mchana, linaua.

Kwanza tujue taa yenyewe ilitoka wapi. Mwaka 2000 kampuni ya Firestone iliyaondoa sokoni matairi yapatayo milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer. Tabaka la nje la tairi lilikuwa likibanduka gari likiwa kwenye mwendo, na magari yakipinduka. Vifo zaidi ya 200 vilihusishwa na matairi hayo. Waarabu wa Ghuba walikuwa wameshaonja shari hiyo, kwani Ford ilianza kubadilisha matairi kule Saudi Arabia mwaka 1999. Joto la barabara, mwendo mkali na upepo mdogo vilikutana mahali pamoja. Mwaka huohuo wa 2000 bunge la Marekani lilipitisha sheria, na kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya kule lilitakiwa liwe na taa hii. Ulaya nayo ikafuata, na tangu Novemba 2014 hakuna gari dogo jipya linalouzwa huko bila hiyo.

“Inawaka asubuhi kwa sababu ya baridi. Ukitembea kidogo inazima yenyewe.”

Baridi inapunguza presha, hilo kweli. Kila joto likishuka nyuzi tano au sita, tairi la gari dogo hupoteza kama psi moja. Sasa tupige hesabu. Tairi linatakiwa psi 33, umelijaza Dar es Salaam likiwa na nyuzi 30. Kanuni ya Marekani inataka taa iwake upepo ukipungua kwa asilimia 25 chini ya kiwango cha mtengenezaji, yaani ukifika karibu psi 25. Ili baridi peke yake ilishushe tairi lililojazwa sawasawa hadi hapo, joto lingebidi lishuke nyuzi 50 hivi. Hata ukitumia asilimia 20 ya Ulaya, bado unahitaji nyuzi 40. Njombe ya mwezi Julai, pamoja na umande wake wote, haifiki huko.

Kwa hiyo baridi ilimalizia tu. Tairi lilikuwa limeshachoka tangu jana, lina psi 27 au 28 badala ya 33, na alfajiri ikaondoa zile mbili za mwisho. Hili ni jambo la kawaida kwetu kwa sababu tunajaza upepo safarini, tairi likiwa la moto. Ile namba iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva (magari ya Japani huandika 230 kPa, ambayo ndiyo psi 33) ni ya tairi lililopoa, lililosimama saa tatu au zaidi. Ukijaza 33 baada ya kutoka Chalinze hadi Morogoro bila kupumzika, kesho asubuhi utakuwa na 29 au 30. Taa ikizima baada ya mwendo haina maana kwamba upepo umerudi. Tairi limepata moto, presha imepanda psi kadhaa, na upungufu umejificha. Tena huo moto wa ziada unaletwa na upungufu wenyewe: ubavu wa tairi laini hujikunja na kujikunjua kila mzunguko, na ndani yake nyuzi na mpira vinapikika.

“Fundi kalipiga teke, kasema limejaa.”

Matairi ya siku hizi ni ya radial, na hutuna kidogo ubavuni hata yakiwa na upepo kamili. Tairi la psi 33 na lile la psi 25 yakisimama pamoja, jicho halitenganishi, na teke pia halitenganishi. Fundi wa pancha ninayemwamini hapigi teke. Huchukua geji, hupima, kisha hulowesha kidole mate, hupaka mdomo wa valvu na kungoja. Kipovu kikitokea, taratibu kikavimba, amepata jibu. Kisipotokea hupitisha maji ya sabuni kwenye ukingo ambapo tairi linakalia rimu, kwa sababu rimu ya alumini iliyoliwa na chumvi ya pwani huvujisha kidogokidogo pande zote bila kuwa na msumari wowote. Na msumari ukiwepo mara nyingi umejiziba wenyewe, unatoa upepo gari likitembea tu. Taa hukamata vitu vya namna hii, na watu huviita uongo. Geji ya kwako mwenyewe, kavu, isiyoburuzwa chini kama ile ya sheli, ndiyo shahidi wa kumsikiliza kabla ya kuihukumu taa.

“Nimefunga matairi mapya na taa imewaka, basi sensa zimekufa.”

Hapa inabidi kujua gari lako ni la aina gani. Kuna magari yenye sensa ndani ya kila tairi, zimefungwa nyuma ya valvu, zinapima na kutuma habari kwa redio. Kuna mengine hayana sensa ya upepo kabisa. Yanatumia zile sensa za breki za ABS kuhesabu mizunguko, kwa sababu tairi lililolegea kimo chake hupungua kidogo, hivyo huzunguka haraka kuliko wenzake. Japani haikulazimisha taa hii kisheria kama Marekani na Ulaya, ndiyo maana magari mengi yatokayo huko hayana sensa ndani ya tairi.

Gari linalohesabu mizunguko hulinganisha na kile lilichofundishwa. Ukifunga matairi mawili mapya mbele na ya nyuma yamelika, vimo havilingani tena, nalo linalalamika. Huo kweli ni uongo, ila hakuna kilichokufa. Jaza matairi yote kwa kipimo yakiwa yamepoa, kisha bonyeza kitufe cha kuliweka upya, ambacho kwa kawaida kiko chini ya usukani, kwenye droo ya abiria au ndani ya menyu ya skrini, halafu endesha. Jambo la kutisha ni kinyume chake: anayebonyeza kitufe hicho ili taa izime tu, matairi yakiwa yamelegea, analifundisha gari kwamba kulegea ndiyo hali ya kawaida. Baada ya hapo gari halitamwonya hadi mambo yaharibike zaidi.

“Taa ikishawaka haizimi, ni sensa tu.”

Itazame vizuri unapowasha swichi. Kwa magari yaliyofuata kanuni ya Marekani, na mengi mengine yanaiga, taa inayopepesa kwa dakika moja hadi moja na nusu kisha ikatulia imewaka inasema mfumo wenyewe una hitilafu. Taa iliyowaka moja kwa moja bila kupepesa inasema upepo. Ni lugha mbili, na wengi tunazisikia kama moja.

Sensa hufa kweli. Betri yake imezibwa ndani, haibadilishwi, na huishi kati ya miaka mitano na kumi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, hivyo gari la Ulaya la miaka saba likishuka Mombasa linakuja na sensa zilizo ukingoni mwa umri wao. Nyingine huvunjwa hapahapa, fundi akiingiza vyuma vyake vya kufungulia tairi upande wa valvu. Mwambie kabla hajaanza. Dawa ya kuziba pancha inayomiminwa ndani nayo huweza kufunga tundu la sensa. Ukinunua nyingine, uliza inatumia masafa gani: za soko la Marekani nyingi ni megahezi 315, za Ulaya 433, na hazisikilizani. Na kama una gari kubwa lenye tairi la spea chini ya buti, lipime nalo. Baadhi ya magari hayo yana sensa hata kwenye spea, na mwenye gari huzunguka matairi manne wiki nzima akitafuta kosa lililo kwenye la tano.

“Huku milimani taa zote zinadanganya.”

Dai hili nalikubali kwa sehemu. Geji ya fundi hupima tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje. Sensa iliyo ndani ya tairi hupima presha yote kuanzia sifuri, kisha kompyuta ya gari inaondoa hewa ya nje. Baadhi ya magari huondoa kiasi kilekile cha usawa wa bahari, kPa 101, popote yalipo. Nairobi, mita 1,700 juu ya bahari, hewa ya nje ni kama kPa 83. Pengo hilo ni zaidi ya psi mbili na nusu. Geji inasema 33, skrini inasema 30, na tairi lililopungua kidogo tu linawashiwa taa kama limepungua sana. Wa Mbeya na Njombe wako kwenye hali hiyohiyo. Mwenye gari la namna hii aifuate geji na kibandiko cha mlango, na ajue pengo la gari lake ni psi ngapi.

“Weka nitrojeni, utaisahau hiyo taa.” Hewa ya kawaida tayari ni nitrojeni asilimia 78, na nitrojeni tupu hupanda na kushuka kwa joto vilevile. Hela hiyo nunua geji.

“Toa balbu, au ziba kwa utepe.”

Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu anayelifanya mara nyingi anakusudia kuuza gari. Mnunuzi ajilinde hivi: washa swichi bila kuwasha injini na utazame dashibodi. Taa ya tairi inatakiwa iwake sekunde chache pamoja na nyingine, kisha izime. Isipowaka kabisa kwenye gari ambalo kitabu chake kinasema inayo, kuna mtu ameinyamazisha. Mwombe muuzaji geji, pima matairi yote matano palepale, kisha mwulize ilinyamazishwa lini na kwa nini.