Wanafunzi wafunzwe kuziamuru seva kwa maandishi

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwa walimu na wazazi wetu kwamba mwanafunzi anayejua kubofya vipicha kwenye skrini amehitimu katika elimu ya tarakilishi. Akiweza kupiga chapa barua, kujaza jedwali la hesabu na kutuma baruapepe, hupigiwa makofi na kupewa cheti. Sipingi kwamba hayo yana manufaa. Ninalolipinga ni kumwaminisha kuwa hapo ndipo mwisho wa safari, ilhali kazi inayoutegemeza mtandao mzima hufanywa bila kipicha hata kimoja.

Nazungumzia kazi ya kusimamia klasta, yaani kundi la seva zinazoshirikiana kana kwamba ni mtambo mmoja. Mzazi anapolipa karo kwa simu, au mwalimu anapoingiza alama za wanafunzi wake mtandaoni, ombi lake hupokewa na mitambo iliyopangwa katika makabati ya chuma ndani ya chumba chenye baridi. Mingi ya mitambo hiyo haina skrini wala kipanya. Msimamizi wake hayumo chumbani humo. Huenda yuko hata nchi nyingine, ameketi mbele ya kiwambo cheusi chenye mstari mmoja unaomsubiri aandike. Huandika amri, akabonyeza kitufe, nayo seva ikatii.

Je, kwa nini maandishi? Jibu ni hesabu tu. Mwenye seva 1 anaweza kufungua dirisha na kubofya apendavyo. Mwenye seva 400 atabofya hadi jioni na bado atakuwa amesahau kadhaa. Amri iliyoandikwa, hata hivyo, hurudiwa bila kuchoka. Msimamizi huandika uptime, neno linaloiuliza seva imekuwa macho kwa muda gani na imebeba mzigo kiasi gani, kisha huitia amri hiyo katika kitanzi kinachoipeleka kwa kila seva kwa zamu kupitia ssh. Njia hii ya kuzungumza na mtambo wa mbali kwa siri ilibuniwa na Tatu Ylönen nchini Finland mwaka wa 1995, baada ya wadukuzi kunasa maneno ya siri katika mtandao wa chuo chake. Aidha, amri iliyoandikwa huhifadhiwa, ikasomwa na mwenzake kesho na kusahihishwa kama insha. Mbofyo hauachi nyayo.

Hapa ndipo ninapomwita mwalimu wa Kiswahili, ambaye yamkini ameshaifunua kurasa nyingine akidhani haya hayamhusu. Amri ina sarufi. Kuna kitenzi, kuna vibainishi vifupi vinavyokibadilisha kitenzi hicho, halafu kuna yambwa. Mwanafunzi wetu ana bahati, kwa maana lugha yake imemzoesha jambo hili tangu utotoni. Anajua kwamba “amempigia mwalimu” na “amempiga mwalimu” zimetenganishwa na irabu moja tu, na kwamba ya pili itamfikisha polisi. Vivyo hivyo, rm hufuta faili. Ukiiongezea -r, hufuta saraka nzima na vyote vilivyomo. Haiulizi mara mbili.

Wapo watakaosema kwamba jambo la hatari namna hii halifai kukabidhiwa vijana. Hoja hiyo ina uzito, nami nitaiongezea ushahidi. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alikuwa akihangaika usiku kurekebisha seva mbili za hifadhidata, moja kuu na nyingine ya nakala. Majina yake yalianza kwa db1 na db2. Alikusudia kufuta saraka katika ile ya nakala, kumbe amri alikuwa ameielekeza kwa ile kuu. Aling'amua baada ya sekunde moja au mbili akaisimamisha, lakini kati ya takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimesalia 4.5 hivi. Mbaya zaidi, njia za kuhifadhi nakala ambazo kampuni iliziamini zilionekana hazifanyi kazi. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa imechukuliwa saa 6 kabla ya mkasa huo. Kampuni iliyaandika yote hayo hadharani, na kwa maoni yangu taarifa yake ingefaa kusomwa darasani kuliko sura nyingi za vitabu vyetu vya kiada.

Kabla ya mwezi kwisha baada ya hayo, tarehe 28 Februari, zamu ikawa ya Amazon. Mfanyakazi mwenye idhini aliandika amri ya kuondoa seva chache katika kituo cha Virginia kaskazini. Sehemu moja ya amri ikawa na kosa, na seva nyingi kuliko alivyokusudia zikaondolewa. Huduma ya kuhifadhia data iitwayo S3 ikatetereka kwa muda wa saa 4 hivi, na tovuti chungu nzima zikalala. Hata ukurasa wa kampuni wa kutangazia hitilafu ulishindwa kusasishwa kwa kuwa nao uliitegemea huduma iyo hiyo.

Lakini tutazame dawa waliyoichagua. Amazon haikuwapokonya wahandisi wake maandishi na kuwapa vitufe vya rangi. Ilibadilisha programu ya kutolea amri ili iondoe seva polepole, na ikatae kabisa iwapo zitakazobaki hazitoshi kuifanya kazi. Ujuzi huu wa kuiwekea amri mipaka hauji kwa kujiepusha na amri.

Sisi nasi hatuna pa kujificha. Mwaka wa 2015 mitambo ya M-Pesa ilihamishwa kutoka Ujerumani hadi humu nchini. Mitambo ikija, lazima pawe na watu wa kuitunza, na ninaona haya kufikiria kwamba tutawaagiza kutoka ng'ambo kama tunavyoagiza vipuri.

Pingamizi ninalolisikia zaidi kutoka kwa walimu wakuu ni gharama. Ebu wafungue stoo zao. Tarakilishi kuukuu zilizotupwa huko kwa kuwa “haziwezi tena” bado zinaweza kubeba Linux, ambayo haina ada. Mwaka wa 1994, Thomas Sterling na Donald Becker waliunganisha tarakilishi 16 za kawaida katika kituo cha Goddard cha NASA, wakapata klasta waliyoiita Beowulf. Tangu Novemba 2017, kila mtambo katika orodha ya mitambo 500 yenye kasi zaidi duniani hutumia Linux. Shule yenye tarakilishi 4 chakavu, nyaya na swichi moja inaweza kuanza muhula ujao. Seva hizo zisiwe na kitu chochote cha thamani ndani yake, ili zikiharibiwa zijengwe upya Jumatatu.

Na mtihani wa kwanza usiwe wa kukariri. Mwalimu aizime seva moja kimyakimya, wanafunzi waitafute ni ipi kwa amri tu bila kugusa makabati, kisha kila mmoja aandike kwa Kiswahili sanifu, kwa mfuatano, amri alizozitoa na jawabu alilopewa na kila mtambo.