Nywila ya nesi si ya kuazimana

Wadau, niko fildi huku Chalinze na nimeikuta ileile tabia ya maabara yetu ya kampasi. Mtu anataka takwimu za zahanati kutoka DHIS2, anaandika curl -u jina:nywila, enta, mambo safi. Safi wapi? Amri inabaki kwenye .bash_history, na kompyuta tunaingia wote kwa akaunti moja. Anayekuja nyuma anabonyeza mshale wa juu tu, nywila hii hapa!

Eti "si tunasoma takwimu tu". Acheni hizo. Nywila ya nesi inaingiza takwimu pia. Mjanja akibadili idadi ya watoto waliochanjwa, jina litakaloonekana ni la huyo nesi wa watu aliyewaazima.

DHIS2 yenyewe inatoa tokeni. Unaipangia siku ya kufa, unairuhusu GET peke yake, ikivuja unaifuta. Andika kwenye faili mstari Authorization: ApiToken ukifuatiwa na tokeni yako, chmod 600, halafu skripti iite curl -H @faili. Ila kwenye akaunti ya watu kumi hiyo chmod ni bure kabisa.

Sasa wakubwa, kumfungulia kila mwanafunzi akaunti yake kunawashinda nini?