Kompyuta Isizikwe kwa Ubovu wa Diski
Kompyuta ya shule, iwe Nakuru, Njoro au Molo, iwakapo isifunguke, haifai kuharakishwa stoo. Yamkini kilichoharibika ni diski tu, nayo hubadilishwa kwa bisibisi. Kisha mfumo wa kuiendesha hupakiwa upya. Linux, iliyoanza mwaka wa 1991, haidai ada. Wanafunzi wa somo la kompyuta na waifanye kazi hiyo mbele ya mwalimu wao: hilo ni funzo lisilopatikana ubaoni. Lakini diski kuukuu isitupwe jalalani. Imebeba alama na siri za watoto, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda. Ipondwe kwanza. Nao walimu wakuu waagize nakala za kumbukumbu ziwekwe mapema. Tahadhari kabla ya hatari.