Kisima Kisicho na Maji

Jumapili iliyopita nilikuwa nimeketi barazani aliponijia jirani yetu, mama mtu mzima mwenyeji wa Njombe, simu mkononi na uso umekunjamana. Mwanawe wa pili anaishi Uswidi pamoja na mkewe na watoto wawili, katika nyumba waliyoinunua nje kidogo ya mji wa Uppsala. Kijana huyo alikuwa ametuma picha. Mtambo mkubwa wa kuchimba umesimama uani, tope la kijivu limetapakaa hata kwenye maua, na mkewe yuko kando anacheka. Chini ya picha aliandika kwamba shimo limefika mita 180, na kwamba mkopo wa benki wameutia sahihi wote wawili.

"Mwanangu," akasema yule mama, "mita 180, na maji yenyewe hawanywi! Nduguze kule nyumbani wanateka maji mtoni. Hebu nieleze: huyu kijana amepotewa na akili, au amechoka kutusaidia?"

Swali hilo halikunichekesha. Fedha ya ukoo ikizama ardhini, wenye ukoo wana haki ya kuuliza imezama kwa sababu gani. Nami najua wapo wazazi wengi miongoni mwetu wenye watoto katika nchi za baridi, ambao huletewa habari za namna hii nusunusu. Kwa hiyo nitayarudia hapa niliyomweleza mama huyo.

Nilianza na kisima cha kawaida, ambacho yeye anakijua kuliko mimi. Nenda kisimani Njombe alfajiri ya mwezi wa Julai, wakati majani yameganda umande: maji yatakuwa na uvuguvugu mkononi. Rudi mchana wa jua kali mwezi wa Novemba: maji yale yale utayaona baridi. Maji hayakubadilika; kilichobadilika ni hewa. Ukishuka mita 10 au 15 tu chini ya ardhi, joto la udongo karibu halitikisiki mwaka mzima, nalo hukaribiana na wastani wa joto la hewa ya mahali hapo. Kule Uppsala, ambako hewa ya Januari huweza kushuka nyuzi 15 chini ya sifuri na zaidi, mwamba wa chini hubaki na nyuzi 7 au 8 hivi.

"Nyuzi 7 ni baridi," akasema mama. "Utapashaje nyumba kwa baridi?"

Hapo nikampeleka jikoni, nikamwambia aweke kiganja nyuma ya friji. Pana moto. Joto lile limetolewa kwenye nyama na maziwa yaliyomo ndani, likatupwa nje. Friji huhamisha joto kutoka mahali penye baridi kulipeleka mahali penye joto, na kwa kazi hiyo hutumia umeme. Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa: mwamba umekuwa ndio tumbo la friji, na nyumba imekuwa ndiyo mgongo wake.

Shimo lenyewe ni jembamba, lenye upana wa sentimita 11 au 12 hivi. Ndani yake hushushwa bomba la plastiki lililopinda chini na kurudi juu, na ndani ya bomba huzunguka maji yaliyochanganywa na spiriti ili yasigande. Kimiminika hicho huteremka kikiwa karibu na nyuzi sifuri, na kupanda kikiwa kimeokota nyuzi 3 hivi. Ni kidogo mno kwa kuota, lakini kinatosha kuchemsha gesi maalumu iliyomo katika pampu, ambayo huchemka hata kwa ubaridi. Kompresa huikandamiza gesi hiyo mpaka ikapata moto wa kweli, nayo hulipasha maji yanayopita katika mabomba ya sakafuni au ya ukutani. Kwa uniti moja ya umeme, nyumba hupata uniti 3 au 4 za joto. Nyumba ya familia inayohitaji uniti 20,000 kwa mwaka itanunua 6,000 au 7,000 hivi. Zilizobaki hutoka ardhini bila malipo.

Wazo hili si geni. Mswisi Heinrich Zoelly alilipatia hataza mwaka 1912, lakini watu hawakulijali sana, kwa kuwa mafuta yalikuwa rahisi. Ilipofika 1973 na bei ya mafuta ikaruka, Waswidi, ambao nyumba zao nyingi zilipashwa kwa mafuta ya kuagiza, waliumia kama tulivyoumia sisi. Walitazama chini ya miguu yao wakakuta mwamba mgumu, unaofaa sana kutobolewa. Leo nyumba zenye mashimo hayo nchini mwao zimepita laki tano. (Msomaji asichanganye jambo hili na Olkaria, ambako Kenya ilianza kufua umeme kwa mvuke wa ardhini mwaka 1981. Kule chini pana tanuru. Uppsala hakuna tanuru lolote.)

Mama akauliza kwa nini lisichimbwe shimo la mita 60, deni likapungua. Ni swali la mtu aliyewahi kulea watoto kwa mshahara mmoja, na ndipo wengi wanapokosea. Shimo fupi hunyonywa joto upesi kuliko mwamba unavyoweza kulirudisha. Kila mwaka linazidi kupoa, mpaka siku za baridi kali pampu inaelemewa, na kile kipasha joto cha umeme wa kawaida kilichofichwa ndani yake kinajiwasha chenyewe. Bili ikija, mume na mke wanatazamana. Kwa sababu hiyo hiyo mashimo ya majirani hutakiwa kuachana mita 20, wasije wakanyang'anyana joto, na halmashauri ya mji hutaka kuarifiwa kabla mtambo haujaingia uani. Pampu huchoka baada ya miaka 15 au 20 hivi ikahitaji kubadilishwa. Shimo hubaki kwa ajili ya wajukuu.

Na wakati wa kiangazi kompresa huweza kulala kabisa. Kimiminika cha baridi hupitishwa nyumbani kwanza, kikaondoa joto la vyumbani na kulirudisha mwambani, kama akiba ya Januari.

"Basi na huku kwetu tuchimbe," akasema.

Ilinibidi niwe mkweli. Kwa hapa Dar es Salaam ardhi yenyewe ina nyuzi 26 au zaidi, na hakuna anayehitaji kupashwa joto. Kupozea nyumba kwa udongo wa vuguvugu kunaokoa umeme kidogo tu, kwa gharama kubwa. Baraza pana, dirisha linalotazamana na dirisha, na mwembe uliopandwa upande wa magharibi hufanya zaidi. Njombe ina baridi ya haki, lakini ni ya miezi michache. Shilingi ya kwanza huko iende kwenye dari, na kuziba nyufa za milango, na jiko lenye dohani. Nilimsihi mama awaambie wanawe jambo moja: wasilale na jiko la mkaa chumbani mlango umefungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na imekwisha kuzimisha nyumba nzima usiku mmoja. Alinyamaza kidogo, akamtaja marehemu jirani yake wa zamani.

Kisha akanipa simu niandike, maana miwani aliisahau. "Mwambie nimeelewa. Sasa aniambie deni litakwisha lini, na katika umeme atakaouokoa, fungu la tanki la maji la nduguze ni lipi."

Jibu lilifika kabla chai haijaisha, nalo lilitoka kwa mkwe. Deni ni la miaka 12. Tanki wamelipangia Desemba, na anaomba aambiwe ni la lita ngapi.

"Elfu tano," akasema mama. "Andika upesi."