Miaka 60 ya Chuo Kikuu cha Burundi: sasa zamu ya kwantamu

Chuo Kikuu cha Burundi kilitimiza miaka 60 mwaka 2024. Kilianzishwa hapa Bujumbura mwaka 1964 kwa jina la Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura, miaka miwili tu baada ya uhuru. Madaktari wanaotutibu, mahakimu, wahandisi, walimu wa sekondari: wengi wao ni watoto wa chuo hiki. Tunakipongeza kwa niaba ya umma unaokitegemea.

Asili yake ni kuunganisha nguvu. Taasisi ndogo za elimu ya juu, kwa mchango mkubwa wa Wajezuiti, ziliwekwa pamoja kukianzisha. Mwaka 1977 shule nyingine za juu zikajumuishwa, kikapata jina tunalolitumia leo.

Kimepita pia katika machungu ya taifa. Mwaka 1972 wanafunzi walichukuliwa kutoka kampasi wasirudi. Juni 1995 wengine waliuawa usiku katika kampasi ya Mutanga. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikatawanya walimu, vikarudisha nyuma utafiti. Kwamba masomo yanaendelea Mutanga, Kiriri na Kamenge ni heshima kwa waliobaki kufundisha mishahara ikiwa midogo na vitabu vikiwa vichache. Wale waliouawa wana haki ya kutajwa kwa sauti katika sherehe hizi, na sisi tunawataja.

Yubile hii iliangukia wakati mzuri. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka uliofuata, 2025, kuwa mwaka wa kimataifa wa sayansi na teknolojia ya kwantamu, yaani ya fizikia ya chembe ndogo kabisa. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya nchi zenye mashine za mamilioni ya dola. Hatukubaliani nao, na sababu yetu inaonekana ubaoni.

Mwaka 2008 Bob Coecke na Ross Duncan, kutoka Oxford, walitoa mbinu ya kuandika hesabu za kwantamu kwa michoro, inayoitwa ZX. Kwa njia ya kawaida, kazi ya kubiti 10, yaani vipande 10 vya taarifa vya kompyuta ya kwantamu, inadai jedwali la safu 1,024 kwa 1,024. Kwa ZX unachora nukta za kijani na nyekundu zilizounganishwa kwa nyaya. Nukta mbili za kijani zikiunganishwa kwa waya huwa nukta moja, na pembe zinazoandikwa ndani yake hujumlishwa: robo ya mzunguko na robo nyingine huwa nusu. Mwanafunzi anafuta, anachora upya, na saketi, yaani mfululizo wa hatua za hesabu, inapungua. Saketi ikipungua, mashine hufanya hatua chache na makosa nayo hupungua. Mwaka 2017 watafiti wa Nancy, Ufaransa, Jeandel, Perdrix na Vilmart, walithibitisha kuwa kanuni za michoro hiyo, baada ya kukamilishwa, zinatosha kuonyesha usawa wa saketi zozote zinazotumia mageti, yaani hatua za msingi, yanayoweza kukaribia hesabu yoyote ya kwantamu.

Mbinu hiyo haikubaki darasani. Duncan aliipeleka katika kampuni ya Cambridge Quantum, akiongoza kazi ya programu inayotayarisha saketi kwa ajili ya mashine. Coecke naye akajiunga na kampuni hiyo, ambayo mwaka 2021 iliungana na kitengo cha Honeywell ikawa Quantinuum. Mwaka 2023 Oxford na Quantinuum waliwafundisha kwa michoro hiyo wanafunzi 54 wa sekondari nchini Uingereza, na zaidi ya wanne kati ya kila watano waliofanya mtihani walifaulu. Programu ya PyZX, inayorahisisha saketi kwa njia hii, ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Chaki tunayo. Vijana wenye vichwa vya hesabu tunao.

Kitivo cha Sayansi kina wajibu wa kulifungua somo hili, na kifanye hivyo bila kuchelewa. Watafiti wa Nancy wanafundisha kwa Kifaransa, lugha ya mihadhara yetu. Nchi jirani ya Rwanda ina kituo cha AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, ambako hisabati na kwantamu vimekwisha kupewa nafasi. Barua ziandikwe sasa.

Kampuni za simu na benki za Bujumbura nazo zinahusika. Tangu Peter Shor alipotoa hesabu yake mwaka 1994, inajulikana kwamba kompyuta kubwa ya kwantamu itaweza kuvunja funguo za siri zinazolinda malipo mengi ya mtandaoni. Agosti 2024 Marekani ilitoa viwango vya kwanza vya funguo za kuhimili hatari hiyo. Atakayezibadilisha hapa ni mhitimu aliyesoma mambo haya, na kumsomesha kuna gharama: posho ya wanafunzi wa shahada ya pili, intaneti isiyokatika, jenereta kwa siku ambazo umeme haupo. Kampuni hizo zimeajiri wahitimu wa chuo hiki miaka yote. Fungu la kwanza la gharama hizo litoke kwao.